Finger haijibu, au inajibu uongo: pa kuanzia kutafuta

"Mwalimu, seva inasema sijawahi kuingia. Na sasa hivi niko ndani, nafanya zoezi."

Ujumbe huo uliingia saa tatu usiku, na chini yake picha ya skrini. Kweli bwana: jina lake lipo, saraka yake ya nyumbani ipo, halafu mstari unaofuata umeandikwa `Never logged in.` Kijana alikuwa ameitumia seva ile muhula mzima. Nitamrudia baadaye, maana kisa chake ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwa asiyeijua: finger ni huduma kongwe ya mtandao. Unaiuliza mashine "fulani ni nani hapo kwenu?" nayo inakujibu jina lake kamili, yuko ndani au alitoka lini, na alichokiandika kwenye faili lake la `.plan`. Les Earnest aliiandika mwaka 1971 kwenye maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, baada ya kuwaona wenzake wakipitisha kidole kwenye orodha ya amri ya WHO wakitafuta nani yupo. Kidole kikawa jina. Itifaki yake ya mtandao iliandikwa Desemba 1977 kama RFC 742 (RFC ni waraka wa kanuni za mtandao), na tunayoifuata leo ni RFC 1288 ya Desemba 1991. Mimi naitunza kwenye seva moja ya maabara ya wanafunzi, Debian 12, kwenye mtandao wa ndani tu. Ya kufundishia sijaona nyepesi zaidi: unafungua poti 79, unatuma mstari mmoja, unapokea maandishi, laini inakatwa. Hakuna nenosiri, hakuna usimbaji.

Kabla hujagusa amri yoyote, kumbuka kwamba finger haijui kitu. Haina hifadhidata yake. Ni karani anayesoma madaftari ya watu wengine: jina analitoa `/etc/passwd`, walio ndani anawatoa `utmp`, mara ya mwisho kuingia anaitoa `lastlog`, na mengine anayachungulia kwenye saraka ya nyumbani ya mhusika. Akikusomea uongo, ujue kuna daftari lililoandikwa vibaya, au lililofungwa asilione. Kumsakinisha upya karani hakusaidii. Nimewaona watu wakifuta kifurushi cha finger na kukirudisha mara tatu kwa tatizo lililokuwa kwenye ruhusa za folda.

"No such user", na mtu yupo

Anza na hili kwa sababu linaaibisha. Ukiandika

`finger seva1`

unaiuliza mashine yako mwenyewe kama ina mtumiaji anayeitwa seva1. Haina, basi inakwambia hivyo. Alama ya @ ndiyo inayolipeleka swali nje: `finger @seva1` inauliza nani yupo kule, `finger asha@seva1` inauliza habari za Asha. Nimeshuhudia watu wenye vyeti vya mitandao ukutani wakikwama hapa dakika ishirini, nami nimo.

Kwenye Windows amri ipo hadi leo, `finger.exe`, lakini ni upande wa kuuliza tu. Ikikataa kwenye kompyuta ya ofisini wakati ya jirani inafanya kazi, muulize anayesimamia usalama kabla hujahangaika. Wahalifu wa mtandao wameitumia amri hiyohiyo kuvutia maagizo ya programu hasidi, kwa hiyo wengi wameizuia.

Haijibu kabisa

Kunyamaza kuna namna tatu, na ukizitofautisha umeshamaliza nusu ya kazi. Usitumie finger yenyewe kupima. Ongea na poti moja kwa moja:

`printf 'asha\r\n' | nc -v -w 5 192.168.10.5 79`

Ya kwanza: unajibiwa papo hapo `Connection refused`. Hii ni habari njema. Mashine iko hewani, imekusikia, ila mlangoni hakuna mtu. Kwenye seva andika `ss -ltn` utafute :79, hutaiona. Sasa, fingerd, yaani finger ya upande wa seva, kwa kawaida haisimami yenyewe. Anayesimama mlangoni ni inetd, naye ndiye anayeiita akisikia hodi. Fungua `/etc/inetd.conf` utafute mstari kama huu:

`finger stream tcp nowait nobody /usr/sbin/tcpd /usr/sbin/in.fingerd`

Ukiwa umeanza na `#<off>#`, kuna kifurushi au msimamizi aliyeuzima. Ondoa alama hizo. Halafu iwashe inetd, usiipe `reload` peke yake: inetd ya Debian haianzi kabisa kama faili lake halina hata huduma moja iliyofunguliwa, kwa hiyo huenda hakuna mchakato wa kuambiwa usome upya. Na kama hata hilo faili halipo, ulisakinisha fingerd bila inetd yoyote. Mlinzi hajaajiriwa.

Ya pili: unasubiri, unasubiri, kisha `Connection timed out`. Hapa pakiti zako zinamezwa njiani, na karibu kila mara ni ukuta wa moto. Swali ni ukuta wa nani. Washa `tcpdump -ni any port 79` kwenye seva, kisha uliza tena kutoka kwenye kompyuta yako. Ukiona pakiti zinafika na seva haijibu, ukuta ni wa seva yenyewe. Usipoona kitu, tafuta njiani: ruta, VLAN, au kampuni ya wingu iliyofunga poti zote usizoziomba.

Ya tatu ndiyo iliyonilia mchana mzima. Laini inafunguka vizuri, halafu inakatwa bila neno. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, kimya. Huyo ni tcpd, yule aliyetajwa katikati ya mstari wa inetd hapo juu. Anasoma `/etc/hosts.allow` na `/etc/hosts.deny`, na akikukataa anakufungia mlango bila kueleza. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu:

`fingerd: 192.168.10.`

Inaonekana sawa kabisa. Lakini tcpd analitafuta jina la programu kama lilivyo, nayo inaitwa `in.fingerd`. Kwa hiyo ruhusa yangu ilikuwa ya mtu asiyekuwepo, na mstari wa `ALL: ALL` kwenye faili la pili ukawakata wote. Logi ya mfumo ilikuwa imeandika `refused connect from` tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa sijaisoma. Nukta ya mwisho baada ya 10 si kosa la uchapaji: inamaanisha anwani zote zinazoanza hivyo.

Kuna kimya cha nne ambacho hukipata ukiwa mwandishi wa programu. Mwanafunzi anaandika mteja wake wa finger kwa Python, anatuma `asha`, programu inaganda. Hajamaliza mstari. Seva inangoja mwisho wa mstari, mteja anangoja jibu, na wote wawili wana adabu kupita kiasi. Itifaki inataka `\r\n` mwishoni. Seva nyingi zinavumilia `\n` tupu, lakini bila chochote hazisogei.

Inajibu, ila polepole

Ikichelewa kwa muda uleule kila mara, sekunde tano au kumi kamili, usiilaumu kasi ya mtandao. Mtandao mbovu hauna nidhamu hiyo. Hiyo ni DNS, huduma inayooanisha majina ya mashine na anwani zake. Kabla ya kumruhusu mgeni, tcpd anataka kujua jina la anwani yake, na kama seva ya DNS imekufa au haijui anwani za ndani, anangoja. Muda wa kawaida kwenye Linux ni sekunde 5 kwa jaribio, majaribio mawili. Thibitisha kwa

`time getent hosts 192.168.10.23`

ukiweka anwani ya kompyuta inayouliza. Ikichukua sekunde zilezile, mhalifu umempata. Andika kompyuta za maabara kwenye `/etc/hosts`, au itengeneze DNS ijue anwani zenu za ndani.

Wanaotumia xinetd badala ya inetd wana sababu moja ya ziada. Tazama kama kwenye usanidi kuna neno `USERID` kwenye mistari ya `log_on_success` au `log_on_failure`. Neno hilo linaifanya seva igeuke na kumuuliza mgeni, kwa poti 113, "wewe unayeniuliza ni nani kwenu?" Siku hizi kompyuta nyingi haziijibu poti hiyo, na ukuta wa moto ukiimeza pakiti, swali lako linakaa foleni likingoja jibu lisilokuja. Lifute neno.

Polepole ya aina nyingine, ile inayoongezeka kadiri watumiaji wanavyoongezeka, inahusu LDAP, yaani orodha ya pamoja ya watumiaji inayokaa kwenye seva nyingine. Ukiandika `finger juma`, finger haitafuti akaunti ya `juma` peke yake. Inapitia watumiaji wote ili kuona kina Juma wangapi wana jina hilo kama jina halisi. Kwenye `/etc/passwd` yenye watu 40 huoni kitu. Kwenye saraka ya chuo kizima, unakwenda kunywa chai. `finger -m juma` inaizuia kutafuta kwa majina halisi.

Upande wa pili wa shilingi hiyohiyo: `finger mwk014` inampata, `finger mwakyusa` inasema hakuna mtu kama huyo. Hapo kuna sssd katikati, programu inayoiletea seva akaunti kutoka kwenye orodha hiyo ya pamoja. Kwa chaguo-msingi sssd haikubali kuorodhesha watumiaji wote. Mpangilio wake wa `enumerate` ni `false`. Ukiitaja akaunti inakuletea, ukitaka ipekue orodha inakuambia orodha haina mtu. Unaweza kuiweka `true`, lakini kwa saraka kubwa utajuta. Mimi huwaambia watu watumie namba ya akaunti.

"No Plan.", na plan ameiandika

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote. Asha ameandika `.plan`, akijiuliza mwenyewe kwenye seva anaiona, akiulizwa na rafiki kutoka kompyuta nyingine jibu ni `No Plan.`

Soma tena ule mstari wa inetd. Kuna neno `nobody`. Swali likitoka nje, anayekwenda kuchungulia nyumbani kwa Asha si Asha, ni `nobody`, mtu asiye na ruhusa yoyote ya pekee. Na nyumba za siku hizi zina kufuli: Ubuntu tangu toleo la 21.04 inaunda saraka za nyumbani kwa ruhusa 750, yaani mtu wa nje hapiti hata kizingitini. Faili linaweza kuwa wazi kwa dunia nzima, lakini kama mlango wa mbele umefungwa, halifikiki. Jaribu ukiwa umevaa kofia yake:

`sudo -u nobody cat /home/asha/.plan`

Ikisema `Permission denied`, dawa ni mbili kwa pamoja:

`chmod o+x ~`
`chmod 644 ~/.plan`

Ya kwanza inaruhusu kupita tu, si kuorodhesha vilivyomo. Lakini itumie ukijua maana yake: mtu akijua jina kamili la faili lako lingine ambalo nalo liko wazi, atalifikia. Kwa hiyo kagua ruhusa za vilivyomo ndani kabla hujafungua kizingiti. Wanafunzi wangu huwa na tabia ya kutatua kila kitu kwa `chmod 777`. Ukifanya hivyo kwenye saraka ya nyumbani, SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, itaanza kuzikataa funguo zako, nawe utadhani finger imeharibu SSH.

Ruhusa hizihizi zina kiini macho kingine. Kwenye FreeBSD, mtu akitaka asionekane kwa finger anaweka faili tupu la `.nofinger` nyumbani kwake, na huduma inajifanya haimjui. Sasa fikiria mwenye tahadhari zaidi: ameweka `.nofinger`, kisha akaifunga saraka yake kwa 700. Anayechungulia hapiti mlangoni, halioni tangazo la "msinitafute", na kwa hiyo anamtaja jina na kila kitu. Kujificha kunataka mlango upitike. Ukiletewa lalamiko la "niliweka na bado naonekana", angalia hapo kwanza.

"Never logged in", na yuko ndani

Sasa kijana wetu. Nilimwambia aandike `echo $SSH_TTY`. Ikarudi tupu. Nikamuuliza anaingiaje. "Natumia VS Code, Mwalimu."

Basi. VS Code, programu ya kuandikia msimbo, inapofungua seva ya mbali inaingia kwa SSH bila kuomba terminali. SSH huandika kwenye `utmp` na `lastlog` pale inapompa mtu terminali, asiyeomba haandikwi. Ni sawa na sftp, au `ssh seva1 ls`. Dirisha la amri analoliona ndani ya VS Code ni mtoto wa programu iliyokwisha kuingia, halipitii kwa bawabu upya. Muhula mzima kijana alikuwa anaingilia dirishani, na daftari la mlangoni halikumwona. Nilipoandika `loginctl list-sessions` nilimkuta, kwa sababu systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ana daftari lake. Ila finger hasomi hilo. Akaingia mara moja kwa `ssh` ya kawaida, na jibu likabadilika.

Kuna mazingira mengine yanayotoa dalili hiyohiyo. Kontena la Alpine litakujibu `No one logged on.` hata mkiwa kumi ndani, kwa sababu maktaba yake ya C, musl, ina vitendakazi vya utmp kwa jina tu, ndani havina kitu. Hapo kosa si la finger. Na ukihamia Debian 13, fahamu kwamba amri za `last` na `lastlog` za zamani zimeondolewa na rekodi zimehamia kwenye wtmpdb na lastlog2. Muundo wa kale unahifadhi muda kwa biti 32, nao unafika ukingoni mwaka 2038. Finger anayesoma daftari la kale atakukuta hujawahi kuingia, kwa kuwa hakuna anayeliandika tena.

Kinyume chake: finger anasema yupo tangu juzi, na wewe umemwona stendi ya daladala. Umeme ulikatika kwake, ruta ikazima, na seva haikupata salamu ya kwaheri. Kwa SSH laini bado iko hai, na `utmp` inaendelea kumtaja. Utamjua kwa safu ya muda wa kukaa kimya, iliyofika siku mbili. Kwenye `sshd_config` weka `ClientAliveInterval 60` na `ClientAliveCountMax 3`. Asiyejibu kwa dakika tatu anaondolewa. Muda huo wa kimya, kwa njia, finger anaupata kwa kutazama mara ya mwisho terminali ilipoguswa, basi usiutumie kumpimia mtu bidii ya kazi. Anayesoma kurasa 30 kwenye kivinjari ataonekana amelala. Na kinyota kabla ya jina la terminali hakimaanishi kosa: mhusika amezima ujumbe kwa `mesg n`.

Saa nayo huleta ugomvi. Mtu ameingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, finger inaandika 06:12. Seva imeachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa. Saa ya ukutani ingeandika 09:12, mswahili anasema saa tatu, seva inasema sita, na mkuu wa idara anasema mfanyakazi amedanganya. Angalia kwenye mabano baada ya saa; finger huandika ukanda pale. Ikiwa ni UTC na mnataka EAT, saa ya Afrika Mashariki:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Jina limetoka vibaya

Jina kamili, ofisi na simu vyote hukaa kwenye sehemu moja ya mstari wa `/etc/passwd`, ya tano, iitwayo GECOS, vikitenganishwa kwa mkato: jina, ofisi, simu ya kazi, simu ya nyumbani. Kwa hiyo aliyeandikishwa kama "Mushi, Neema" ataitwa Mushi, na Neema atakuwa chumba cha ofisi. Andika majina bila mkato.

Kali zaidi ni alama ya &. Tangu zamani kwenye Unix, & ndani ya jina kamili ina maana "weka hapa jina la akaunti, herufi ya kwanza iwe kubwa". Tulikuwa na akaunti `utafiti` yenye jina "Utafiti & Ushauri". Finger ikaiita "Utafiti Utafiti Ushauri", na nikaletewa barua kwamba seva ina virusi. Andika "na".

Namba za simu: finger ya BSD inazipanga kwa mtindo wa Marekani. Ukiweka tarakimu kumi mfululizo, tuseme 0700000000, itaonyesha 070-000-0000, na kila anayeisoma hapa kwetu atakwazika. Lakini haigusi namba iliyokwisha kupangwa na mwenyewe. Weka alama yoyote isiyo tarakimu, mfano +255 mwanzoni, nayo itaiacha ilivyo.

Kisha kuna ng'. Mtu ananakili "Ng’ang’a" kutoka kwenye waraka wa ofisi, ambako programu ya kuandikia imeshageuza kile kialama kuwa kilichopinda. Kwa macho ni kilekile. Kwa finger, iliyozaliwa wakati herufi zote ni ASCII, ni baiti tatu za kigeni, na zinatoka kama uchafu katikati ya jina la mtu. Futa kialama, ukiandike upya kwa kibodi moja kwa moja kwenye terminali: `Ng'ang'a`. Kama `chfn` inakataa kukubadilishia jina, si hitilafu; Debian kwa chaguo-msingi inamwachia mtumiaji abadili chumba na simu tu, jina linabadilishwa na msimamizi. Mpangilio wenyewe ni `CHFN_RESTRICT` kwenye `/etc/login.defs`.

Inajibu kupita kiasi

Hii hakuna anayekuja kuilalamikia, ndiyo maana inabidi uitafute mwenyewe. Nenda nje ya mtandao wenu, kwa data ya simu, uulize `finger @` anwani yenu ya umma. Ukipata orodha ya majina, kila mtu duniani anaipata: akaunti zipi zipo, ipi haijawahi kutumika, nani hayupo usiku. Ni orodha nzuri ya kuanzia kwa anayebahatisha manenosiri. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Tappan Morris ulipita mlango huuhuu: fingerd ya wakati ule ilisoma swali kwa `gets()` ndani ya bafa ya baiti 512 bila kupima urefu, na mnyoo ukatuma 536. Kwenye kompyuta za VAX ulipata mlango wa kuingilia; kwenye mashine za Sun programu ilianguka tu. Tundu hilo lilizibwa zamani. Orodha ya majina haikuwa tundu, ni kazi ya huduma yenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukuzibia.

Kwenye Debian ongeza `-u` mwishoni mwa mstari wa inetd ili ikatae maswali yasiyotaja mtu, na `-l` ili kila swali liingie kwenye logi. Kwenye FreeBSD ni `-s`, ambayo inakataa pia kupitisha maswali kwenda mashine nyingine. Maswali ya kupitishwa yana sura hii, `asha@seva2@seva1`, na yanamruhusu mtu wa nje aitumie seva yenu kuuliza ndani ya mtandao wenu. Halafu futa namba za simu za nyumbani kwenye GECOS. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na "tuliziacha tangu enzi za msimamizi aliyepita" sidhani kama ni utetezi.

Na anayenitafuta kwa sababu akaunti yake ya Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi, haionekani kwenye seva nyingine: hiyo ni WebFinger, RFC 7033 ya 2013, mjukuu aliyerithi jina. Haigusi poti 79 wala `.plan`, inapita HTTPS. Jaribu

`curl -i 'https://mfano.org/.well-known/webfinger?resource=acct:asha@mfano.org'`

Ukipata 404, mara nyingi Mastodon iko kwenye `social.mfano.org` na tovuti kuu haijaelekeza njia ile kwake. Weka uelekezaji kwenye seva ya tovuti kuu, na uhakikishe kilicho baada ya alama ya kuuliza hakidondoki njiani.